Bima ya Saa Tatu na Dakika Tisa

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa kwenye korido ya hospitali ya mji wetu wa Kalasin, kiatu mguu mmoja, begi la shule la mwanangu kifuani. Wewe uliyechelewa, sogea karibu nikupe kwa ufupi. Mume wangu alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Nyumba ya mama mkwe ikaungua mwaka uliofuata. Halafu Alhamisi ile, pikipiki ikamgonga Praewa, binti yangu wa pekee, miaka kumi na saba, akitoka mazoezi ya ngoma shuleni. Aliyemgonga akala kona.

Goti limevunjika vipande vitatu. Daktari aliniambia kadi ya matibabu ya serikali inalipia chuma cha kawaida cha kuunga mfupa, na kwa chuma hicho atatembea, lakini atachechemea maisha yake yote. Kipo chuma kingine kizuri zaidi. Hicho hakimo kwenye kadi.

"Na kucheza je, daktari?" nikamuuliza. Praewa ndiye aliyekuwa akicheza mbele kabisa kwenye kikundi cha shule.

Daktari alitazama karatasi zake badala ya kunitazama mimi. Nikaelewa.

"Tunampasua Jumatano," akasema. "Tafuta hiyo pikipiki, mama. Kama ina bima, bima italipa chuma."

Ananiambia mimi habari za bima! Mimi Rampha ndiye ninayeiuza.

Kijiwe changu kilikuwa nje ya geti la ofisi ya usafirishaji: meza moja, mwavuli, na kiti cha mteja kisichokuwa na mgongo. Mwaka ule vitabu vya bima bado tuliviandika kwa kalamu, nakala tatu na karatasi ya kaboni. Sheria inamtaka kila mwenye pikipiki au gari akate bima ya watu kuumia, kila mwaka, na asipokuwa nayo ofisini hawapokei kodi ya chombo chake. Kwa hiyo watu wanainunua kama wanavyonunua stempu. Mtu hata hasomi.

Akisoma, ndiyo balaa.

"Dada, hii nikigonga, taa yangu inalipwa?"

"Hailipi taa, wala kioo. Inalipa mwili."

"Mwili wa nani?"

"Wako, wa uliyempakia, wa uliyemgonga. Mtu akiumia, matibabu ya mwanzo yanalipwa bila kuuliza mkosaji nani. Yakizidi hapo, inatafutwa nani amemkosea mwenzake, na bima ya mkosaji inabeba kilichobaki."

"Mimi mwaka jana sikumgonga mtu. Basi nipunguzie."

Hao ndio wateja wangu. Ila kuna kitu nilikuwa nawaeleza kila siku bila kukiwazia. Kama aliyekugonga hajulikani, au hana bima, upo mfuko wa kusaidia waathirika, lakini unatoa ile sehemu ya mwanzo tu. Sehemu hiyo Praewa aliimaliza siku mbili za kwanza. Kilichobaki ni kumpata mtu, na mtu huyo awe na bima.

Polisi wakaniambia hawana namba. Barabara ile inapita katikati ya mashamba ya miwa, hakuna nyumba wala duka. Na Praewa alikuwa kwenye dawa za maumivu. Kila nikimuuliza anasema "pikipiki", halafu analala.

Basi nikaanza kumshuku kila mtu.

Nilimshuku mume wa mwalimu wake, kwa sababu alituletea machungwa mengi kupita kiasi. Nikawashuku vijana wa kujitolea wa uokoaji waliomwokota, kwa sababu walifika haraka. Jumatatu nilifungua kijiwe, maana kukaa nyumbani kulikuwa kunanitia wazimu, na kila mteja aliyekuja nilimtazama gurudumu la mbele kabla ya uso.

"Mbona madigadi yako mapya?"

"Nimenunua, dada."

"Lini?"

"Kwani umehamia polisi siku hizi?"

Akachukua karatasi yake akaondoka akininunia. Nikaandika namba yake kiganjani.

Saa nne hivi akaja Shangazi Chantha, muuza tiketi za bahati nasibu, trei lake limening'inia shingoni. Tumekaa naye geti moja miaka sita. Akanipa pole, akanipa wali wa kunata kwenye jani, akakaa. Hata hatujasema sana, mama mmoja wa sokoni akapita anahema.

"Chantha, mia nne themanini na mbili ipo?"

"Imekwisha tangu Ijumaa. Soko zima linaitaka hiyo hiyo."

Mama akasonya akaenda zake.

"Ina nini hiyo namba?" nikauliza, nauliza tu.

Chantha akaanza kupanga tiketi zilizokwisha kupangwa.

"Shangazi."

"Si... ile namba."

"Namba ya nini?"

"Ya pikipiki," akasema kwa sauti ndogo. "Ya mtoto. Muuza juisi ya miwa pale njia panda aliiona inapita mbio, taa imepasuka. Baadaye akasikia habari ya Praewa, akajua ndiyo yenyewe."

Kwetu ajali ikitokea, watu hutafuta namba ya chombo kabla ya kumtafuta dereva, maana wanaamini namba iliyomwaga damu ina bahati kwenye droo. Hata mimi nimewahi kununua. Lakini siku hiyo niliuweka wali chini.

"Siku nne! Soko zima mnaijua namba, mimi siijui, polisi hawaijui?"

"Polisi wanaijua!" Chantha akajitetea. "Yule sajenti mwenye kitambi alichukua tiketi mbili!"

"Alisema hawana namba!"

"Labda hakujua ni ya nini. Aliona watu wananunua, na yeye akanunua."

Sikujua nicheke au nimpige trei la usoni. Yeye akadhani nimetulia. Akaingiza mkono kifuani, akatoa tiketi moja iliyokunjwa.

"Nilikuwekea ya kwako," akasema. "Ukishinda, itamsaidia mtoto."

Nikaitupa mtaroni. Akaifuata.

Mimi nikavuta kitabu changu cha nakala. Nusu ya wilaya wanakata kwangu, nikasema nianzie hapo kabla sijaenda kumkaba sajenti. Nikapekua nyuma kwa kidole, za leo, za Alhamisi, na hapo hapo nikaiona. 482. Mwenye pikipiki: Khamphan Phonsaen, mfugaji wa kamba, mabwawa ya Lam Pao. Tarehe ya kuanza: Alhamisi, siku ile ile ya ajali. Saa ya kuanza: 9.09, yaani saa tatu na dakika tisa asubuhi.

Mwanangu aligongwa saa tisa na nusu alasiri.

Nilipiga kelele hadi mlinzi wa geti akageuka. Ana bima! Imeanza asubuhi, ajali imetokea alasiri, chuma kitalipwa, Praewa atacheza! Nikaikumbatia nakala ile kama barua ya mchumba.

Kisha nikaisoma tena. Mwandiko ni wangu. Na asubuhi ya Alhamisi sikumwona mtu yeyote wa kamba.

Sasa niungame. Kanuni ya kazi ni kuandika dakika ile aliyosimama mteja mbele yako, kwa sababu bima inaanza hapo na haiwezi kurudi nyuma hata hatua moja. Mimi sikuwa naandika hivyo. Watu wetu wanaipenda tisa, na tisa mbili zikikaa pamoja ndiyo nyota njema kabisa. Dereva mmoja wa teksi aliniomba nimwandikie 9.09, nikamwandikia. Wenzake wakaja. Mwisho nikawa naitwa Dada Tisa-Tisa, na kila karatasi iliyotoka kwenye meza yangu, aje asubuhi aje jioni, ilianza saa tatu na dakika tisa asubuhi. Sikuona ubaya. Kwa miaka sita hakuna mteja wangu aliyemgonga mtu kati ya saa niliyoiandika na saa aliyokuja.

Khamphan alikuja Alhamisi nikiwa nakunja mwavuli. Ilikuwa karibu saa kumi.

Nilimkumbuka sasa vizuri. Suruali ya tope, shati limelowa jasho, kadi ya pikipiki ndani ya mfuko wa plastiki.

"Pikipiki iko wapi?" nilimuuliza.

"Bwawani, dada. Imezima."

"Na kodi? Ofisi inafunga sasa hivi."

"Kodi kesho. Nipe bima tu. Niandikie ile ya tisa-tisa."

Alikuwa ananitazama usoni kwa namna ambayo mwanamume hajanitazama tangu nimzike mume wangu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani amenipenda. Nilitengeneza nywele. Nikamwandikia taratibu ili asiondoke haraka.

Dakika kumi na tano baadaye simu ikalia, wale vijana wa uokoaji wananiita barabara ya miwa.

Nilikodi pikipiki hadi Lam Pao. Nilimkuta kando ya bwawa anamwaga chakula cha kamba, na nyuma ya kibanda kulikuwa na kitu kimefunikwa nyavu. Nikazivuta nyavu. Taa imepasuka, madigadi yamepinda.

Hakukimbia. Alikaa chini pale pale kwenye tope.

"Nilijua utakuja," akasema.

"Mwanangu ana vipande vitatu vya goti!"

"Dada, naapa kwa majivu ya mama yangu, sikujua ni mwanao. Nimejua Ijumaa, watu walipokutaja sokoni. Nilimgonga nikachanganyikiwa. Nilikuwa sina bima miezi saba. Nikajua bila bima nitafilisika mimi na watoto wangu, nikakimbilia kwako. Kosa langu hilo."

"Ukamwacha barabarani."

"Nilimwacha." Akalia. Mtu mzima analia, tope mpaka magotini, na mimi sikumwamini hata chozi moja. "Lakini nisikilize kwanza, kabla hujaita polisi. Ukisema nilikuja saa kumi, bima ile ni karatasi tupu, si ndiyo? Mimi nitafungwa, sawa. Wewe utanyang'anywa leseni, na wewe pengine utafungwa. Na mtoto atapata nini?"

Jibu nililijua kuliko yeye.

"Nitakwenda polisi leo," akasema. "Nitakubali kila kitu. Nimemgonga mimi, kosa langu mimi, nimekimbia mimi. Ila bima nilikata asubuhi. Karatasi inasema hivyo, na mwandiko ni wako, dada, si wangu. Tukinyamaza wawili, mtoto anapata chuma chake."

Nilimtazama mtu huyo nikatamani kumsukumia ndani ya bwawa lake.

"Jumatano wanampasua," nikasema. "Uwe umekwenda kabla jua halijazama."

Ndivyo nilivyofunga mkataba na aliyemvunja mwanangu. Sijaficha, nawaambia kama lilivyokuwa. Alikwenda kweli, akajisalimisha. Usiku nilipata usingizi kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na hilo pia linanitia aibu.

Jumanne asubuhi mkaguzi wa kampuni ya bima akafika wodini. Nilitarajia mzee mkali. Akaja kijana mpole wa miwani, Bwana Sutthi, ameleta maziwa ya soya, amenisalimia kwa viganja vilivyokutana na kichwa kimeinama chini kabisa. Nikamshuku palepale. Mtu wa bima akikuheshimu namna hiyo, jua ameshasoma faili lako.

Alikaa pembeni ya kitanda, akatandika karatasi nane juu ya shuka, moja moja. Nane zote nakala zangu.

"Mama, wateja wako wote huja dakika moja?"

"Ni nyota njema tu, mwanangu. Watu wanapenda."

"Naelewa. Hata mama yangu hakubali kununua kitu bila kuchagua saa." Akatabasamu. "Kwa hiyo saa iliyoandikwa siyo saa aliyokuja mtu."

"Wengine ndiyo, wengine siyo."

"Na huyu Khamphan?"

Praewa alikuwa amelala, au nilidhani amelala. Niliutazama mguu wake uliofungwa, nikaona jukwaa la shule, nikaona yeye mbele.

"Huyu alikuja asubuhi," nikasema. "Kweli asubuhi."

Bwana Sutthi akaandika. Hakuharakisha. "Mlinzi wa geti anasema hakumwona asubuhi."

"Mlinzi wa geti saa tatu huwa anakunywa uji."

"Sawa, mama." Akageuza ukurasa. "Nimebakiza swali moja kwa mgonjwa, nikiandika hilo nimemaliza. Wakiridhika ofisini, kesho daktari anapata kibali cha chuma."

"Mgonjwa mwache. Ana dawa."

"Sina dawa sana leo, mama," akasema Praewa.

Alikuwa amefumbua macho. Sauti yake ilikuwa kavu lakini safi, ya kwanza safi niliyoisikia tangu Alhamisi. Nikamshika mkono nikaubana, yeye akaubana wangu, akadhani nampa moyo. Sikuwa nimemwambia chochote cha mkataba wetu. Nitamwambiaje mtoto kitu kama kile?

"Dada mdogo," Bwana Sutthi akasema, "unakumbuka nini baada ya kugongwa? Unachokumbuka tu."

"Nakumbuka yule mjomba aliyenigonga alisimama."

"Alisimama? Polisi wameandika alikimbia moja kwa moja."

"Hapana. Alishuka. Alinivuta pembeni ya barabara, akanivua begi akaliweka chini ya kichwa changu. Alikuwa anatetemeka. Akasema, 'Mwanangu, mimi sina bima. Ningoje hapa, nakwenda kukata, narudi kukuchukua.'"

Kalamu ya Bwana Sutthi ikasimama.

"Alisema hana bima," akarudia polepole. "Saa tisa na nusu ile."

"Ndiyo. Nikamwambia asihangaike kutafuta, mama yangu anauza. Nikamwelekeza mpaka kwenye geti, meza yenye mwavuli." Praewa akameza mate. "Nikamwambia, ukifika mwambie mimi ni Praewa, nimeumia, aje."

Hapo ndipo nilipojua kile Khamphan alichokuwa anakitazama usoni mwangu siku ile. Alikuwa anatafuta sura ya mtoto aliyemwacha kwenye miwa. Alijua mimi ni nani. Alisimama mbele yangu na ujumbe wa mwanangu mdomoni, akasubiri nimalize kuandika, akachukua karatasi yake, akasema asante dada.

Bwana Sutthi alivua miwani. Hakuwa mpole tena, wala hakuwa mkali. Aliisukuma nakala ya Khamphan mbele yangu, na kidole chake kikakaa juu ya zile tisa mbili.

"Mama," akasema, "nakuuliza mara ya pili, na hii ndiyo nitakayoipeleka ofisini. Alikuja kwako saa ngapi?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, Praewa alinivuta mkono. Alikuwa ananitazama kama anayetaka kusaidiwa kukumbuka.

"Nilikungoja muda mrefu," akasema. "Kwani hakukwambia, mama?"